Uzi: Kamisheni za mtandaoni ni kazi ya kudumu? Sisi Waamu tumekuwa madalali zamani sana

Kampeni zikikaribia hoja hii hurudi, na hurudi kutoka pande zote. Upande mmoja unasema vijana wafundishwe kazi za mtandaoni, na siku hizi inayotajwa sana ni ya kuuza kwa linki: unasambaza linki ya bidhaa ya mtu mwingine, mteja akibonyeza akanunua, wewe unapata kamisheni. Upande wa pili unasema huo ni upatu wa kisasa, na tena hawa watu hawalipi kodi. Sitataja mtu wala chama. Ukija kwenye majibu na rangi za chama chako nitakupita tu kama sikukuona.

Ninachotaka ni tuliangalie jambo lenyewe. Je, hii ni biashara ndogo ambayo mtu anaweza kuitegemea miaka kumi, ishirini? Naiangalia nikiwa Lamu, kwa sababu kama kuna mahali Kenya ambapo watu wameishi kwa kamisheni vizazi kwa vizazi, ni hapa kwetu. Uzi ni mrefu. Jitilieni chai.

Kwanza tuondoe upatu njiani, maana unavuruga mjadala. Kwenye upatu pesa yako inatoka kwa anayeingia nyuma yako. Wengi wetu tunakumbuka ile miradi ya 2006 na 2007 iliyoanguka na akiba za watu. Kwenye biashara ya linki pesa inatoka kwa mteja aliyenunua kitu, na mwenye kitu anakukatia sehemu. Ukiambiwa ulipe ada ya kuingia kisha ulete watu watatu, hiyo si biashara ya linki hata kama imevaa nguo zake. Tofauti ni hiyo tu, na mtu mzima anayesimama jukwaani angepaswa kuijua.

Sasa ukiondoa simu na intaneti, muuzaji wa linki ni nani? Ni dalali. Hana bidhaa, hana ghala, hana deni la mzigo. Anacho kitu kimoja: anajua nani anataka nini, na mnunuzi anamsikiliza. Hata wanazuoni wetu wana mlango wao juu ya ujira wa dalali, na sharti kubwa ni kwamba ujira ujulikane kabla ya kazi. Shikilieni sharti hilo, mbele litatufaa.

Ukija mji wa Lamu ukapita mitaa ya Mkomani, tazama nyumba za mawe. Mlangoni kuna daka, lenye mabaraza ya kukalia. Nyumba nyingine zina chumba cha wageni, sabule, ambacho mgeni anaweza kukifikia bila kupita kwa watu wa nyumbani. Watalii huambiwa ni usanifu mzuri, na kweli ni mzuri, UNESCO iliuweka mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia 2001. Lakini ile daka na ile sabule zilikuwa pia vyombo vya kazi. Jahazi lilikuja na kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka, kutoka Uarabuni na Ghuba. Halikuweza kurudi mpaka upepo ugeuke kuwa kusi, kuanzia Aprili hivi. Nahodha na wafanyabiashara wake walikuwa na wiki nyingi za kukaa katika mji ambao hawakuwa na ndugu, hawakujua bei, hawakujua nani mwaminifu. Mwenyeji aliwapa mahali, akawatafutia mzigo, akawadhamini kwa wauzaji wa bara, na faida yake ikatoka hapo katikati. Msimu wa pili nahodha akarudi kwa mwenyeji yule yule. Wakati mwingine wakaoana.

Jiulizeni kwa nini nahodha hakumruka mwenyeji akaenda kununua mwenyewe. Sababu zilikuwa tatu. Hakuwa na muda, hakuwa na watu, na akidhulumiwa hakuwa na pa kushtaki. Mwenyeji aliuza uaminifu zaidi ya kitu kingine chochote. Na aliyekuwa na kitabu cha majina ya wateja ni yeye. Kwa hiyo kamisheni yake ilikuwa na mizizi.

Tusipambe pia. Nafaka na ufuta uliopakiwa Lamu karne ya 19 ulilimwa bara kwa mikono ya watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria kwenye ukanda wa pwani 1907, uchumi wa mashamba yale ulianguka, na waliokuwa katikati wakaanguka nao. Wapo wanaopenda kuzungumza kuhusu fahari ya mji wa kale bila kugusa hapo. Mimi naona ukiruka hapo hujaeleza kitu, kwa sababu dalali daima husimama juu ya kazi ya mtu mwingine, na kazi hiyo ikibadilika, yeye hana la kushika.

Pigo jingine halikutoka baharini. Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, na 1901 ikafika ziwani, pale panapoitwa Kisumu leo. Bidhaa za bara zikapata njia moja ya kwenda pwani, na njia hiyo haikupita Lamu. Hakuna mtu wa Amu aliyefanya kosa. Daka zilikuwa pale pale, sabule zilikuwa safi, watu walikuwa waaminifu vile vile. Mzigo ulibadilisha njia tu.

Na kuna kisa kidogo nakipenda, ingawa wengi hukiona cha watoto wa shule. Kuanzia 1888 mpaka 1891 Wajerumani walikuwa na ofisi ya posta hapa Lamu, kwa ajili ya shughuli zao za Witu, ambako ndugu wawili wa ukoo wa Denhardt walikuwa wamejipatia ardhi na mkataba na sultani wa huko. Jumba lile leo ni makumbusho. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zikatia saini mkataba Berlin, Witu ikaenda kwa Mwingereza, na mwaka uliofuata posta ikafungwa. Kila mtu aliyekuwa amejipanga kupata riziki pembeni ya Wajerumani wale alipoteza kwa sababu ya meza iliyokuwa umbali wa maelfu ya maili, ambapo jina lake halikutajwa hata mara moja. Kumbukeni meza hiyo tutakapofika kwenye kampuni za mtandaoni.

Boriti ndiyo iliyobaki. Mikoko ya visiwa vyetu na bara yetu ilikatwa, ikapangwa kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ikapakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba. Vyumba vya nyumba za kule vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti ina urefu wake, na huwezi kuidai zaidi. Kazi hiyo ililisha wakataji, wapakiaji, madalali, mafundi wa majahazi wa Matondoni. Kisha Ghuba ikapata mafuta, ikaanza kujenga kwa saruji na chuma. Soko likapungua lenyewe. Halafu 1982 serikali ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi. Wanamazingira wana hoja yao kuhusu mikoko na siipingi, samaki wetu wanazaliwa humo. Ninachosema ni kwamba biashara ya karne nyingi ilipigwa na teknolojia ya mteja kwanza, kisha sheria ikaja kufunga mlango. Februari 2018 zuio la kukata miti nchi nzima likawakuta hata wale waliobaki kuuza ndani ya nchi, na ilibidi watu wa hapa wapige kelele ndipo wakafikiriwa.

Haya, tuingie kwenye utalii, kwa sababu hapo ndipo kamisheni ya zamani na ya sasa zinapokutana, na wengi wetu tumeiona kwa macho.

Hoteli ya Peponi pale Shela ilifunguliwa 1967. Miaka ya 70 wakaja vijana wa Ulaya na Marekani na mikoba ya mgongoni, wakalala kwenye nyumba za wageni na juu ya dari. Uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda, kwa hiyo kila mgeni alishuka kwenye boti gatini, na gatini alimkuta kijana. Kijana alimbebea begi, akamuuliza ana bajeti gani, akampeleka kwenye nyumba ya wageni. Mwenye nyumba akampa kijana chake. Kesho akampeleka Takwa kuona magofu, kesho kutwa Manda Toto kuogelea na samaki, na kwa nahodha wa mashua nako kulikuwa na chake. Watu waliwaita bichiboi kwa dharau. Kwangu mimi wale walikuwa wajukuu wa wenyeji wa sabule, isipokuwa nyumba hawakuwa nayo tena.

Tatizo la kamisheni ile lilikuwa lile sharti la wanazuoni. Ujira haukujulikana. Mgeni hakujua kwamba bei aliyotajiwa ilikuwa na sehemu ya kijana ndani yake, mwenye nyumba hakuwa na kiwango, na mgeni akigundua alihisi amedhulumiwa. Kwa hiyo mitandao ya kupangisha vyumba ilipokuja, wageni walikimbilia huko kwa furaha. Mgeni anafika gatini ameshalipa, ana picha ya mlango kwenye simu, na jina la mwenye nyumba. Kijana akabaki na Takwa na mashua.

Na hata hizo zikakatika. Septemba 2011 mtalii Mwingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akatekwa. Wiki chache baadaye mama Mfaransa akatekwa Manda. Nchi za nje zikatoa maonyo ya safari. Juni 2014 likaja la Mpeketoni. Mwaka 2020 korona. Kila mara hoteli zilifunga, na wenye kamisheni ndio waliokuwa wa kwanza kulala njaa, kwa sababu hakuna mkataba wala mshahara wala fidia kwa mtu ambaye kwa karatasi hakuwahi kuajiriwa. Nalitaja hili kwa wale wanaosema kazi ya mtandaoni haina mipaka. Ukiuza linki za vyumba vya Lamu, onyo la ubalozi likitoka linki yako inakufa siku hiyo hiyo pamoja na mashua.

Sasa tuje kwenye linki yenyewe.

Amazon ilianzisha mpango wake wa washirika Julai 1996. Haikuwa ya kwanza kabisa lakini ndiyo iliyoufanya mtindo huu uwe wa dunia nzima. Mtu yeyote mwenye tovuti aliweka linki ya kitabu, kikinunuliwa akapata asilimia. Watu walijenga riziki hapo, wengine wakaacha kazi. Aprili 2020, korona imepamba moto na watu wako majumbani wakinunua mtandaoni kuliko wakati wowote, Amazon ikatoa taarifa kwamba viwango vinashuka ndani ya wiki moja. Vitu vya nyumbani na fanicha vilishuka kutoka asilimia 8 hadi 3. Yaani kiti cha shilingi 20,000 kilichokuwa kinakupa 1,600 kikakupa 600. Mteja yule yule, kazi ile ile. Hakukuwa na mazungumzo.

Halafu kuna kumbukumbu. Mteja akibonyeza linki yako, alama inabaki kwenye simu yake inayosema ametoka kwako. Kwa Amazon kwa kawaida alama hiyo ina masaa 24. Akirudi kununua kesho kutwa, wewe hukuwahi kuwepo. Nahodha aliporudi msimu wa pili alirudi kwa mwenyeji. Mteja wa linki akirudi, anarudi dukani moja kwa moja. Hapa ndipo naona tofauti kubwa kati ya udalali wa zamani na huu, kubwa kuliko tofauti ya teknolojia. Kitabu cha majina hakiko kwako tena.

Na siasa? Siasa imo, tena sana. Mwaka 2011 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuwatambua wauza linki kama uwepo wa Amazon ndani ya jimbo, ili kampuni ikusanye kodi ya mauzo. Amazon ikajibu kwa kuwafukuza wauza linki wote wa California. Septemba ya mwaka huo serikali na kampuni zikafikia makubaliano na watu wakarudishwa. Kwa miezi hiyo michache watu wa kawaida waliokuwa wakitafuta riziki walikuwa kamba inayovutwa na mafahali wawili. Yule mnayemsikia akisema "tuzitoze kodi kampuni za nje" na yule anayesema "tusizitoze zitaondoka" wote wana hoja, lakini muulizeni kila mmoja: wakati wa mvutano, mtu wa katikati anakula nini?

Afrika Mashariki nako tumeonja. Jumia ilikuwa na mawakala wake wa kamisheni, JForce, waliokuwa wakiagizia majirani bidhaa na kupata asilimia. Novemba 2019 kampuni ikafunga shughuli zake Tanzania. Mwezi uliofuata ikaachana na kitengo chake cha safari na hoteli. Ni uamuzi wa biashara, wana haki nao. Wakala aliyekuwa amejenga wateja mtaani kwake kwa jina la kampuni alibaki na wateja bila kampuni.

Pigo la karibuni zaidi ni la utafutaji. Wauza linki wengi duniani hawana wafuasi, wana makala. Unaandika "hoteli kumi nzuri Lamu", mtu anatafuta Google, anakuangukia, anabonyeza. Mwaka 2022 na 2023 Google ilibadilisha jinsi inavyopanga kurasa, na tovuti nyingi za aina hiyo zikapotea chini. Mei 2024 ikaanza, Marekani kwanza, kuweka majibu ya akili unde juu kabisa ya ukurasa. Mtu anasoma jibu, anaondoka. Jibu limetengenezwa kwa maandishi ya watu kama wewe, lakini linki haibonyezwi. Ni reli ya 1901 hiyo, sasa inapita kwenye kioo cha simu.

Ngoja nipige hesabu, maana majukwaani hesabu huwa haziji. Huu ni mfano tu. Chumba Shela cha shilingi 8,000 kwa usiku. Mtandao wa kupangisha ukichukua asilimia 15 kwa mwenye nyumba, ni 1,200. Wewe muuza linki hulipwi kutoka kwenye 8,000, unalipwa sehemu ya ile 1,200. Tuseme robo: 300. Ukitaka kupata 20,000 kwa mwezi unahitaji takriban usiku 67 zilizolipiwa kupitia linki yako, kila mwezi, hata Mei wakati kusi inavuma, mvua inanyesha na hoteli nyingine zimefunga kabisa. Kijana anayepeleka watu Takwa kwa mashua siku mbili kwa wiki hatakuonea wivu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ni kazi ya kudumu kwa yeye kama yeye, nasema hapana. Ni pato la pembeni, na kama pato la pembeni ni zuri, halali, halina mtaji mkubwa. Anayeahidi kwamba litachukua mahali pa ajira za vijana wa kaunti nzima hajapiga hesabu, au amepiga akanyamaza. Mpango wa taifa wa Ajira Digital ulianza 2016, na mafunzo ni kitu kizuri, sina ugomvi nayo. Lakini kumfundisha mtu kusambaza linki si sawa na kumpa soko.

Mfano mzuri wa kamisheni iliyodumu tunao mlangoni. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mawakala walikuwa mamia tu, na wa mwanzo walipata vizuri. Leo Benki Kuu inahesabu mawakala wa pesa kwa simu zaidi ya 300,000 nchini. Vibanda vimejaa mpaka Kizingitini, kila kimoja kinagawana wateja na cha jirani, na jedwali la kamisheni linapangwa na kampuni. Hata hivyo kazi ipo miaka mingi baadaye. Kwa nini? Kwa sababu mvuvi akiuza kamba anataka pesa taslimu mkononi, na hakuna programu inayoweza kutoa noti. Wakala ana kitu ambacho kampuni haiwezi kukipata bila yeye: noti, mahali, na sura inayojulikana. Siku wote watakapolipana kwa simu bila kutoa noti, tutaongea upya.

Na tazameni akina mama wanaouza kwa WhatsApp, oda za Dubai na Muscat, udi, mabuibui, viatu. Wanasiasa hawawataji kabisa wanapozungumza uchumi wa kidijitali, na mimi nadhani wako mbele ya wote. Wanachukua amana, wanaagiza kwa jamaa aliye Ghuba, wanaongeza chao. Namba za wateja ziko kwenye simu zao wenyewe. Msambazaji akiwaangusha wanatafuta mwingine, wateja wanabaki. Fundi wa viatu vya ngozi wa Siyu akipata mtu wa namna hiyo wa kumuuzia, wote wawili wanakula, na hakuna kampuni ya Seattle inayoweza kushusha asilimia yao usiku.

Kuna linki nyingine ambazo zinajulikana kulipa vizuri, za kamari na za kubahatisha fedha za kigeni. Za kamari ni haramu kwetu na sihitaji kurefusha. Lakini hata asiyejali dini ajue kuwa mwisho wa Aprili 2025 mdhibiti wa kamari alisimamisha matangazo yote ya kamari nchini kwa siku 30. Aliyekuwa anategemea hapo alifungiwa kwa barua moja.

Tumalizie kodi, kwa sababu hiyo "hawalipi kodi" inanichosha. Sheria ya Fedha ya 2023 imeitaja biashara hii waziwazi: kamisheni ya mwenye maudhui pale hadhira yake inapobonyeza bidhaa ni mojawapo ya mapato yanayokatwa kodi ya zuio, asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya. Mswada ulikuwa na 15, ikashushwa. Kabla hata hujapata senti, kwenye bando yako umelipa ushuru wa asilimia 15 na VAT 16. Ukipokea na kutuma pesa kwa simu, kuna ushuru wa asilimia 15 juu ya ada. Ada hiyo ilianza kutozwa asilimia 10, ikawa 12 mwaka 2018, ikawa 15 mwaka 2023, na mswada wa 2024 ulioondolewa ulitaka 20. Kampuni za nje nazo zilikuwa zinalipa kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 1.5 ya mapato tangu Januari 2021, ikabadilishwa Desemba 2024 na nyingine inayofikia takriban asilimia 3 ya mapato.

Jambo ambalo halisemwi ni hili. Ile asilimia 5 si kodi ya mwisho. Unajaza ritani, inahesabiwa kama umelipa mapema. Na kwa viwango vya sasa, anayepata chini ya shilingi 24,000 kwa mwezi kwa jumla, nafuu ya kila mlipakodi inafuta kodi yake yote. Yaani wauza linki wengi wa hapa, ambao hawafiki hapo, walichokatwa ni chao na wana haki ya kukidai kirudi. Lakini kudai shilingi 15 iliyokatwa kwenye kila 300, mtu wa Faza anahitaji PIN, mtandao unaofanya kazi, na subira. Wengi hawadai. Kwa vitendo, basi, sheria inamkata kamili yule mdogo asiyejua, na yule mkubwa mwenye mhasibu anarudishiwa. Kama kuna mgombea anataka jambo la kusimamia kwa ajili ya vijana wa mtandaoni, kiwango cha chini ambacho hakikatwi kabisa ni jambo la mistari miwili kwenye sheria. Sijasikia hata mmoja akilisema.

Na kama linki yako inalipwa na kampuni isiyo na ofisi Kenya, kwa kawaida hakuna wa kukukatia. Unapaswa kujitangazia mwenyewe kwenye ritani. Ritani za mwaka hufungwa Juni 30. Ukichelewa, faini ya mtu binafsi inaanzia shilingi 2,000, ambayo kwa mfano wangu wa juu ni karibu usiku saba za chumba cha Shela.

Maswali wekeni hapa chini. Nitajibu baada ya Isha, yale yasiyo ya matusi.